Safari ya kwanza Ngazija: siku nane zinatosha kupanda Karthala na kuzunguka kisiwa?

MjukuuWaSingani (#1)
Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tumeweka akiba mwaka mzima, na Agosti tunataka kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa mara ya kwanza. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Singani, akaletwa Unguja angali binti mdogo, wala hakurudi tena. Uzeeni akawa anasema, "Mji wetu umeliwa na moto." Sisi wajukuu tulidhani ni ngano ya kutulaza. Ukubwani ndipo niliposoma kwamba Aprili 1977 lava ya Karthala, mlima wao wa volkano, iliteremka kweli na kuifunika Singani.

Tuna siku nane. Nimewaza mbili za mlima, moja ya Singani, zilizobaki tuzunguke kisiwa. Wengine wananiambia nichanganye na visiwa jirani vya Mwali na Nzuwani humo humo. Je, inawezekana? Agosti ni mwezi mzuri? Mlima unapandika bila mwongozaji?

Na kuna hili la maji. Bibi hakuwahi kumwaga maji hata siku moja. Aliyonawia mikono aliyapeleka kwenye mlimau. Alisema kwao hakuna mto hata mmoja. Nami nasoma kwamba Ngazija mvua inanyesha kuliko Unguja. Yanakwenda wapi? Halafu alituambia Moroni maana yake ni "motoni". Anayejua anijuze.

Kijana_wa_Kariakoo (#2)
Mkuu, nimeshakwenda mara mbili kupeleka vitenge na vyombo. Kutoka Dar ndege ni saa moja na nusu hivi, hujamaliza juisi mnaambiwa fungeni mikanda. Viza nilipata pale pale uwanjani Hahaya, nililipa yuro 30. Beba yuro taslimu, kadi za benki usizitegemee. Faranga yao imefungwa kwenye yuro, moja ni kama 492, kwa hiyo hesabu haikuyumbishi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, ukitokea Tanzania wataiulizia.

Siku nane hazitoshi. Kile kisiwa kikubwa, kinaizidi Unguja.

Mwalimu_wa_Ramani (#3)
Namsahihisha #2 kidogo. Unguja ina zaidi ya kilomita za mraba 1,600. Ngazija inazidi 1,000 kwa kidogo tu. Ni kubwa kuliko ndugu zake Nzuwani, Mwali na Maore (Mayotte), ndiyo maana Wafaransa wakaiita Komoro Kubwa. Kinachokufanya uione kubwa ni mlima. Unguja unaikata kwa gari toka Mjini hadi Paje, Ngazija katikati pamekaa Karthala, mita 2,361. Kila safari unaupiga mlima chenga.

Kijana_wa_Kariakoo (#4)
Nimekubali mwalimu. Mimi nilipimia mashimo ya barabarani.

MamaNuru_Malindi (#5)
Mwanangu #1, karibu nyumbani. Mie ni Mngazija wa Unguja, hukwenda kila baada ya miaka miwili mitatu.

Agosti ni kusi, hakuna joto kali, mvua chache, mlima unapandika. Lakini Julai na Agosti ndio miezi ya harusi kubwa, anda kwa jina lao. Watu wote wa Marseille na Paris wanarudi, wenyeji wanawaita "jeviens". Ndege zinajaa, gari za kukodi hazipatikani, nyumba za wageni zinapandisha bei. Kama tiketi hamjakata, katazameni Septemba au mwanzo wa Oktoba. Kama mmeshakata, mtakula harusi, maana haipiti siku ngoma haijalia mahali. Mkeo achukue nguo ya shughuli.

Lingine, hili lisikilize vizuri. Kila mji una bangwe, uwanja wa baraza. Usikae popote tu. Pana viti na ngazi za wandru wadzima, wanaume waliokwisha kufanya anda. Simama, salimia, subiri uonyeshwe pa kukaa. Ukimkuta mzee mwambie "kwezi", atakujibu "mbona". Usishangae ukisikia "marahaba" ovyo ovyo, kwao ni asante.

Na nikuulize: bibi yako ni mzaa mama, sivyo?

Mpanda_Milima_Arusha (#6)
Nakuja kwenye mlima. Nimepanda Lengai mara tatu na Karthala mara moja, na Karthala ndio iliyonitoa jasho la hofu. Si kwamba ni mkali, Lengai inasimama wima kuliko ule. Shida ni maji. Njia nzima hakuna kijito, hakuna chemchemi, hakuna kibanda cha kuuza chochote. Tulianzia Mvouni, kijiji kilicho juu ya Moroni, tukiwa na lita tatu kila mtu, tukaona tumejitosheleza. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimebakiwa na nusu lita, na bado kesho yake ilikuwepo. Mwenzangu alilamba umande kwenye majani asubuhi, nasema nilichokiona. Bebeni lita tano au sita kila mmoja kwa siku mbili, hata kama ni kumlipa mpagazi kwa ajili ya maji tu.

Njia ni hivi: mnaanza mashamba ya migomba, mnaingia msitu wenye kuvu na ukungu, halafu miti inafupika, inabaki vichaka vya jamii ya mierika, kama vile vya Kilimanjaro juu ya msitu. Mnalala hapo kwenye hema. Baridi ya usiku si ya kisiwani kabisa, chukueni sweta na kofia ya sufu. Alfajiri mnamalizia hadi ukingoni. Shimo lenyewe ni kama kilomita tatu kwa nne. Mnatembea juu ya majivu meusi na mawe yanayokwaruza, katikati ndipo penye mdomo wa ndani. Zamani mlikuwa na ziwa mle, lilianza kujikusanya baada ya mlipuko wa 1991, mlipuko wa Aprili 2005 ukalimaliza.

Ondokeni kijijini saa kumi na moja alfajiri. Saa tano tano hivi mawingu yanafunga, hamuoni hata vidole vyenu.

Bila mwongozaji? Hapana. Msituni njia zinagawanyika kila mahali, njia za wakata kuni na wenye mashamba. Mwulize pia mwongozaji mwenyewe amepanda lini mara ya mwisho. Mimi wa kwanza niliyepewa alikuwa hajafika juu miaka mingi, tulipotea saa mbili.

MjukuuWaSingani (#7)
Asanteni sana. Tiketi bado, kwa hiyo Septemba naiona. #5, ndiyo mama, ni mzaa mama. Kwa nini? #6, viatu gani?

Mpanda_Milima_Arusha (#8)
Vyenye soli nene na vinavyofunga kifundo. Lava ya pale ni kama chupa zilizovunjwa. Raba zangu ziliisha hukohuko.

Mtoto_wa_Goma (#9)
Jambo bandugu. Miye niko wa Goma, nilikimbia na watoto usiku wa 22 Mei 2021 wakati Nyiragongo ilitapika. Nataka kusema neno moja kwa huyu ndugu. Watu wanaogopa moto unaoonekana, kumbe iko na ule usioonekana. Kwetu tunauita mazuku. Ni hewa nzito inayotoka chini, inakaa kwenye mabonde kama maji, mbuzi anaingia anaanguka, mtoto anamfuata mbuzi anaanguka naye. Haina rangi. Karthala nayo inajua hiyo kazi, mwaka 1903 gesi iliua watu 17. Kwa hiyo ukiwa juu usilale mahali pa shimo, usishuke kwenye mdomo kwa sababu ya picha.

Na mwaka 1977 ulikuwa mubaya kwa milima yote mbili. Nyiragongo ilipasuka tarehe 10 Januari, na Singani yenu ikaenda mwezi wa nne.

MjukuuWaSingani (#10)
Pole sana ndugu yangu wa Goma, na asante. Hilo la mazuku sikuwahi kulisikia. Singani tunaambiwa watu waliondoka mapema, moto ukala nyumba tu. Mlima ule tangu hapo umetulia?

Mwalimu_wa_Ramani (#11)
Haujatulia kiasi hicho. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Mei 2006 ukaja tena, na Januari 2007. Tangu hapo haujalipuka, ila matetemeko madogo yapo na kituo cha kuuchunguza kiko Moroni. Kabla ya kupanda ulizeni hali yake, wenyeji wanapewa tahadhari.

Ule wa Novemba 2005 ndio unaogusa swali lako la maji. Haukutoa lava ya kuteremka, ulitoa majivu. Yakaanguka juu ya mapaa, na mapaa ndiyo yanayolisha mabirika, yale matangi ya kuhifadhia maji ya mvua. Vijiji kwa vijiji vikawa na maji ya kijivu yasiyonyweka, misaada ya maji ikaletwa. Bibi yako alikuwa na sababu ya kuutunza ule mlimau.

Baharia_Mstaafu (#12)
Habari za jioni. Nimebeba mizigo Dar–Moroni miaka kumi na moja. Wazee wa Iconi waliniambia mito ilikuwapo, ikakauka kwa kukata misitu. Nzuwani nimeona kwa macho yangu, mito iliyokuwa inatiririka mwaka mzima sasa mingine ni mawe matupu. Kwa nini Ngazija isiwe hivyo hivyo?

Mwalimu_wa_Ramani (#13)
Nzuwani sawa kabisa, kule mito ipo na mingi imekufa kwa kukata miti. Ngazija ni jambo jingine. Mawe yake ni machanga, yana matundu na nyufa, mvua haipati nafasi ya kutambaa juu. Inazama papo hapo, inapita chini ya mlima, inatokea pwani kwenye usawa wa bahari. Maji kupwa ukitembea ufukweni utaona mahali maji baridi yanabubujika kati ya miamba. Visima vya pwani vingi vina chumvi. Nzuwani mawe ni ya zamani, yameoza yakawa udongo, udongo unashika maji.

MamaNuru_Malindi (#14)
Mwalimu anasema mawe, baharia anasema miti. Nyanya yangu alisema la tatu: watu waliwanyima maji wageni. Nendeni kaskazini, Bangoi Kouni, mkaone ziwa la chumvi. Palikuwa na mji. Akaja mtu mwema, kiu imemshika, akaomba maji kila nyumba, wakamnyima. Mji ukazama na wote waliomo, yakaja maji yasiyonyweka. Hata leo mgeni akibisha hodi, kitu cha kwanza ni bilauri ya maji, hata kama birika limebaki kidole kimoja.

Mpanda_Milima_Arusha (#15)
Nililiona hilo ziwa. Kwa macho ya mpanda mlima ni shimo la volkano lililochimbika kando ya bahari, na bahari inapenya chini kwa chini. Lakini nilipewa maji kila nyumba niliyoingia, hilo nashuhudia.

Kijana_wa_Kariakoo (#16)
Sasa jamani, kama kisiwa hakina mto, Moroni itakuwaje? Maana mimi nimeambiwa na mteja wangu wa pale pale sokoni Volo Volo kwamba Moroni ni "mtoni". Kwao mto ni "mro". Mroni, mtoni. Na #1 anasema bibi yake alisema motoni. Mmoja kakosea.

MamaNuru_Malindi (#17)
Bibi hakukosea. Moto kwao ni "moro". Moroni, motoni. Mji uko chini ya mlima wa moto, utauitaje?

Mwana_wa_Kibokoni (#18)
Hamjambo kutoka Mombasa. Naona kila mmoja ana haki kwa sarufi. T yetu mara nyingi kwao ni r: mto ni mro, moto ni moro, tatu ni ndraru. Kwa hiyo neno lenyewe linaweza kutoka kotekote, tofauti ni irabu moja. Ila mto wasiokuwa nao wangeupatia wapi jina?

Baharia_Mstaafu (#19)
Kwani mto lazima utiririke mwaka mzima? Mvua kubwa ya kashkazi ikipiga, makorongo ya Karthala yanashuka na maji, mawe na magogo. Aprili 2012 nilikuwa bandarini, Vouvouni ilifurika mpaka watu wakatolewa majumbani. Aliyeuona mkondo ule akiuita mto simlaumu.

Mwalimu_wa_Ramani (#20)
Kwa yale mafuriko ya 2012 kuna maelezo kwamba majivu ya 2005 yaliziba matundu ya ardhi, maji yakakosa pa kuzama, ndiyo maana yakateremka vile. Kama ni kweli, basi mlima wenyewe unaweza kuwapa mto na kuwanyang'anya. Lakini jina la Moroni ni la zamani kuliko hapo. Msikiti wa Ijumaa pale ukingoni mwa bandari ya majahazi unasemwa ni wa 1427.

Mwana_wa_Kibokoni (#21)
Na Komoro je? Wengi tunajua ni Kiarabu, visiwa vya qamar, mwezi. Nimesikia Mngazija mmoja akisisitiza ni "ko moro", penye moto.

MamaNuru_Malindi (#22)
Hiyo nami nimeisikia tangu utoto. Wasomi wanaikataa, bibi zetu wanaishikilia.

Mtoto_wa_Goma (#23)
Mimi nina swali kwa mwalimu. Moto wa kwetu unatoka kwenye ule ufa mkubwa wa Afrika Mashariki. Wa Ngazija unatoka wapi, iko katikati ya bahari?

Mwalimu_wa_Ramani (#24)
Hapo wataalamu wenyewe hawajapatana. Maelezo ya siku nyingi ni kwamba chini kabisa kuna mahali pa moto palipotulia, na sakafu ya bahari inapita juu yake, ikitoboka kisiwa kimoja baada ya kingine. Upande wa Maore visiwa ni vizee, Ngazija ndio mchanga na ndio unaowaka. Inapendeza.

Kisha mwaka 2018 Maore ikaanza kutikisika miezi na miezi, na 2019 wakakuta volkano mpya chini ya bahari, kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, kilima cha mita 800 na ushei kilichoota kwa muda mfupi. Yaani moto umetoka upande wa vizee! Wengine sasa wanasema ni nyufa za kale za Mkondo wa Msumbiji zilizoamshwa na mvutano ule ule wa ufa wa kwenu, Goma. Wengine wanasema ni yote mawili. Mimi huwaeleza wanafunzi maelezo yote na kuwaacha wabishane.

Mtoto_wa_Goma (#25)
Basi tuko bajirani wa moto mmoja. Aksanti mwalimu.

Mpenda_Ndege_Tanga (#26)
Nimechelewa kuingia. #1, ukipanda Karthala tazama popo wakubwa weusi wa Livingstone, ni wa kipekee duniani.

Mpanda_Milima_Arusha (#27)
Hao wako Nzuwani na Mwali tu, ndugu. Ngazija kuna popo wengine wa matunda. Ila una jambo jingine la kweli la kumwambia: kuna bundi mdogo anayeishi Karthala peke yake, usiku kambini tulimsikia akilia hadi asubuhi.

Mpenda_Ndege_Tanga (#28)
Kweli, nimechanganya, nisameheni. Basi nimlipe deni kwa samaki. Moroni kuna jumba la makumbusho lenye gombessa aliyehifadhiwa, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka duniani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzuwani 1952. Ile pwani ya kusini-magharibi, kati ya Iconi na Singani, ndiko walikopigwa picha wakiogelea hai kilindini 1987. Wanajificha mchana kwenye mapango ya lava. Kwetu Tanga nao wapo, tangu miaka ya 2000 nyavu zimewatoa wengi, tukapata hifadhi yao. Ukipita njia ya Singani, baharini kushoto na kulia ni nyumbani kwao.

Baharia_Mstaafu (#29)
Bahari itakuwa kulia tu mkuu, ukitoka Moroni kwenda kusini.

Mpenda_Ndege_Tanga (#30)
Baharia hukosi kitu.

Mwana_wa_Kibokoni (#31)
Mkipita Iconi simameni kwenye jabali. Wanawake wa mji ule walijirusha kutoka pale wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Bukini (Madagaska), mwanzo wa karne ya 19. Ni wavamizi wale wale waliouvunja mji wa Kua kule Mafia. Mimi nilisimama pale nikashindwa kuzungumza.

Na kaskazini, ufukwe wa Mitsamiouli, ndipo ndege iliyotekwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilipoangukia majini Novemba 1996. Watu 125 walikufa kati ya 175, akiwemo mpigapicha wetu Mohamed Amin. Wavuvi na watalii wa ufukweni ndio waliowavuta walionusurika. Wazee wa pale wanalisimulia kama la jana.

Sisemi haya ili mhuzunike. Sisi watu wa Pwani tuna deni na Ngazija. Habib Saleh wa Lamu, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha, alizaliwa kule. Kila Maulidi tunakwenda Lamu, wangapi tumewahi kwenda alikotoka?

MamaNuru_Malindi (#32)
Mungu akulipe. Na Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi wa Unguja, alizaliwa Itsandra. Itsandra ni mwendo mfupi tu kutoka Moroni, ufukwe wake mweupe, #1 atauona akitoka uwanja wa ndege.

Kijana_wa_Kariakoo (#33)
Swali la pembeni. Mimi kule naongea Kiswahili na wananielewa. Je, Kingazija si Kiswahili cha lafudhi?

Mwana_wa_Kibokoni (#34)
La. Ni ndugu wa tumbo moja, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Wanakuelewa kwa sababu wengi wamekaa Unguja na Dar au wamesikiliza redio na taarabu zetu. Waache wazungumze wao kwa wao kwa dakika tano, halafu nieleze umeshika nini.

Kijana_wa_Kariakoo (#35)
Nilishika "pesa" tu.

Mngazija_Marseille (#36)
Bariza kwenu. Mimi ndiye yule "jeviens" mnayesema anapandisha bei. Kuhusu visiwa vitatu kwa siku nane: msifanye. Boti kati ya visiwa zinaahirishwa kwa upepo, ndege ndogo vilevile. Nilikwama Mwali siku tatu nikakosa ndege ya kurudi kazini. Mwali ni pazuri mno, kasa wa Itsamia wanapanda ufukweni usiku kutaga, lakini uwape safari yao wenyewe. Ngazija peke yake: siku mbili mlima, moja ya kupumzika (miguu itawakataa), moja kaskazini mpaka Ivoini, moja mashariki kwa Chomoni ambako lava nyeusi inakutana na mchanga mweupe, zilizobaki Singani. Singani msiende kwa saa mbili mkarudi.

Malaria ipo. Lala ndani ya chandarua. Chakula, ombeni mataba, kisamvu chao cha nazi.

MamaNuru_Malindi (#37)
Sasa nimwambie #1 kwa nini nilimuuliza habari ya bibi. Ngazija nyumba na shamba la ukoo hufuata wanawake. Mama kwa binti, binti kwa binti yake. Shamba hilo linaitwa manyahuli. Watu wa tumbo moja la uke wanaitwa hinya. Mwanangu, wewe si mgeni anayekwenda kutazama mawe. Bibi yako alikuwa mwenye nyumba ile, mamako ni mwenye nyumba, dada yako ni mwenye nyumba. Wewe ni mjomba wa kesho. Ukifika bangweni taja jina la bibi na jina la mama yake, si la babu. Watakuuliza hilo kwanza.

MjukuuWaSingani (#38)
Mama, nimeisoma mara tatu. Nimempigia mama yangu simu sasa hivi, yuko Mwanakwerekwe. Jina la mama wa bibi analijua. Hatukuwahi kumuuliza.

Tunakwenda Septemba, kisiwa kimoja tu. Nikirudi nitaandika hapa.

MjukuuWaSingani (#39, baada ya wiki saba)
Wakuu, tumerudi salama. Nianze na mlima kwa sababu niliahidi. Lita sita kila mmoja, zikaisha zote. Mke wangu alifika ukingoni kabla yangu. Tuliliona shimo kwa dakika arobaini, wingu likafunga saa nne na nusu. Harufu ya kiberiti ilikuwepo mahali fulani, nikamkumbuka ndugu wa Goma, hatukushuka kwenye mdomo.

Singani tulikaa siku tatu. Kijiji kipo, wamejenga upya. Lava yenyewe bado nyeusi, miti imeota katikati ya nyufa, watoto wanapita juu yake kwenda shule kama njia ya kawaida. Bangweni nikasimama, nikasema "kwezi", nikataja bibi na mama yake. Mzee mmoja akaniuliza mara ya pili jina la mama wa bibi. Akanyamaza. Akamtuma mtoto, akaja mwanamke wa makamo, ameketi mbele yangu ana uso wa mama yangu kabisa, pua mpaka kidevu. Mama yake na mama yangu ni watoto wa ndugu wawili. Alinipa maji kabla ya kuniuliza lolote.

Nyumba ya bibi iko chini ya lava. Walinionyesha mahali, kuna mpapai. Birika lilikuwa upande wa kibla, wakasema, lilikuwa na maji siku ile moto ulipofika, na walisikia likitokota kutoka mbali. Shamba la juu halikuguswa, migomba ipo, wanalilima. Walichoniuliza si kama nataka kitu. Waliuliza dada yangu atakuja lini.

Jina la Moroni nikawauliza. Mzee akasema mtoni, mwanamke akasema motoni, wakaanza kubishana mpaka adhana ya alasiri.

MamaNuru_Malindi (#40)
Nimelia. Mwambie dada asichelewe.

Mwana_wa_Kibokoni (#41)
Kumbe hata Singani kwenyewe hawajapatana. Mimi bado niko na motoni.

Baharia_Mstaafu (#42)
Na mimi bado niko na mtoni.

MjukuuWaSingani (#43)
Dada anapata likizo Desemba, na mama anataka kufuatana naye, ana miaka 68. Mlima hawapandi, wanataka kufika shambani tu, ni mwinuko wa kama saa moja kwa miguu. Kashkazi njia za juu ya Singani zinapitika?

Mngazija_Marseille (#44)
Desemba mvua zinakuja mchana. Watoke alfajiri, wawe wameshuka kabla ya saa tano. Mama apewe fimbo na viatu vya soli nene, tope juu ya lava linateleza vibaya. Na waombe wenyeji wawapitishe njia ya mashambani, si ile ya korongoni.